Pazia la Pangoni

Mvua ikilowesha jiko la makaa, ile harufu ya masizi mabichi hunipandisha hasira hadi leo.

Ndivyo lilivyonuka lile pango tulilopelekwa na shule, sisi watoto wa mtaa wa nyuma ya Barabara ya Jogoo. Mwalimu wetu, tai shingoni, alielekeza rula yake kwenye mwamba mweusi juu yetu. "Watu wa kale waliishi humu. Walipika humu, walilala humu, walizaa humu, wote pamoja kama wanyama! Nyinyi shukuruni mmestaarabika."

Niliinua mkono. Nilitaka kujua tu.

"Mwalimu, pazia walifunga wapi?"

Kwetu chumba kilikuwa kimoja. Pazia lilipita katikati: kule kitanda cha baba na mama, huku sisi watoto, masufuria na jiko. Sikujua kuna watu waliowahi kulala bila pazia.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanizaba kofi. "Unanicheka, eh?"

Yeye! Yeye aliyekaa kwenye laini ya nyumba iliyotazamana na yetu, chumba kimoja kama chetu, na pazia lake la maua ya manjano nililiona kila nilipopita kuteka maji!

Jioni mama alikuwa akipepea jiko mlangoni. "Haya, hilo pango likoje?"

Shavu lilikuwa bado linawaka.

"Ni kubwa kuliko hapa," nikamwambia.

Akaacha kupepea.