Kuvuta Kamba Kisegi kwa Mikono ya Miosini

Niliyesafiri ni mimi, lakini sababu ya safari ilikuwa mama mkwe wangu. Kila mwaka baada ya mavuno, akina mama wa kanisa letu la Macalder huvutana kamba na akina mama wa Kisegi, na sharti ni moja tu: mshindi ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata. Kisegi wameshinda tangu niolewe. Kwa hiyo kila mara sisi ndio tunaokwenda kwao, tunavutwa, tunalishwa samaki, tunarudi. Zamani Mama alikuwa mtu wa mwisho kwenye kamba yetu, yule anayejizungushia ncha kiunoni, mpaka magoti yalipomkatalia. Siku hizi hawezi safari ndefu. Hamu yake kubwa ni kuiona tena kamba ikivutwa, na ili aione, lazima ivutwe Macalder.

“Mwalimu,” aliniambia jioni nikipanga mkoba, “hiyo misuli unafundisha watoto kila siku, haiwezi tusaidia sisi?”

Nilicheka, kwa sababu nilidhani ananitania. Kisha nikalala nikiliwaza lile swali.

Alfajiri tuliondoka Macalder kwa lori dogo ambalo siku nyingine hubeba mawe ya dhahabu. Timu yetu ni wanawake wanaotwanga mawe hayo na kuosha mchanga wake, pamoja na mimi, ambaye mzigo wangu mzito ni chaki. Nahodha wetu ni Min Achieng, yaani mama yake Achieng, mwanamke mrefu ambaye akicheka unahisi bodi ya lori ikitikisika. Nilimuuliza kwa nini tunashindwa kila mwaka, ilhali mikono yetu si haba.

“Tunaimba harambee, tunavuta vizuri kabisa,” alisema. “Halafu wote tunashusha pumzi, tunapanga miguu. Hapo ndipo wale wanatubeba.”

Nikakodolea macho barabara. Sisi walimu wa biolojia tukikodoa macho hivyo, mara nyingi ni njaa, lakini safari hii nilikuwa nimepata jambo.

Karungu tulisimama kunywa chai karibu na ziwa. Niliomba kamba ya kufungia mizigo, nikainyoosha juu ya meza katikati ya vikombe, nikaanza somo ambalo hakuna aliyeliomba. Niliwaambia kwamba ndani ya msuli mna nyuzi za protini za aina mbili, nyembamba na nene. Nyembamba ni aktini, na hiyo ndiyo kamba. Nene ni miosini, na hao ndio wavutaji. Kila miosini ina mkia wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na mwishoni mwa mkia huo vichwa viwili vilivyochomoza kando. Mikia ya miosini nyingi hufungwa pamoja kama mzigo wa kuni, vichwa vikabaki nje. Kichwa hushika kamba, hujikunja, kamba ikasogea, kisha huachia na kushika mbele zaidi. Nilionyesha kwa vidole, na kijiko kikaanguka.

“Sasa sikilizeni,” nikasema. “Kushika si tatizo. Miosini ikishavuta hubaki imeng’ang’ania, na ili iachie ni lazima ipate chembe ya nishati inayotokana na chakula tunachokula. Nishati ikiisha, haiachii. Ndiyo maana maiti hukakamaa.”

Watu wakatazama vikombe vyao.

“Basi tuongezwe mandazi,” akasema Min Achieng, “tusije tukakakamaa Kisegi.”

Walipomaliza kucheka, mmoja aliuliza kama hivyo vichwa huimba harambee. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea. Nikajibu kwamba haviimbi, wala haviachii vyote kwa pamoja. Hiki kikiachia, vile vimeshika. Vile vikiachia, hiki kimeshika tena. Kamba haipati hata nafasi ya kurudi nyuma.

Min Achieng aliweka kikombe chini. “Hiyo ni kutwanga, Mwalimu. Mchi yangu ikipanda, ya huyu inashuka. Hatuwezi kuinua zote mara moja.”

Nilitamani kumkumbatia, na kwa kweli nikamkumbatia.

Magunga, huku milima ya Gwassi ikiwa imetukaribia, tulifunga kamba nyuma ya lori tukafanya mazoezi mbele ya watu wa soko, ambao hawakutuficha vicheko vyao. Tulijigawa: huyu ashike imara wakati jirani yake anarudisha mguu, kisha wabadilishane. Mara ya kwanza tulikanyagana. Mara ya pili mtu alianza harambee kwa mazoea, sote tukaachia, nikakaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya Jumapili. Ndipo Min Achieng alipotoa wimbo wa kutwangia, ule usio na mahali pa kupumzikia, na miguu ikakubali.

Kisegi tulipokewa na nahodha wao, Mama Roselida, muuza samaki mwenye mabega ambayo mimi huyaheshimu kuliko vyeo vingi.

“Karibuni, wageni wetu wa kila mwaka,” alisema huku akinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Samaki iko tayari. Tumepika mapema, kwa sababu mkishavutwa huwa mnakosa hamu.”

“Asante, Mama,” nikajibu. “Leo tumekuja na njaa.”

Baada ya maombi tulishika kamba. Mzunguko wa kwanza tulishindwa vibaya. Umati ulipopiga kelele tulisahau kila kitu, tukaimba harambee, tukapumzika wote, wakatuburuta. Niliona aibu hadi masikioni, nikamfikiria Mama ameketi nyumbani akihesabu kwamba sasa tumeanza. Min Achieng hakugomba. Alitugeukia tu akasema, “Tunatwanga.”

Mzunguko wa pili ulikuwa wetu kabla Mama Roselida hajaelewa kimetokea nini. Wa tatu ulikuwa mrefu. Wenzetu wa Kisegi walivuta kwa kishindo, kama wanavyovuta mashua ufukweni, na kila kishindo kilipokwisha walingoja ile nafasi yetu ya kushusha pumzi. Haikuja. Nilishika hadi viganja vikawaka, jirani yangu akarudisha mguu; akashika, nikarudisha wangu. Kitambaa chekundu katikati ya kamba kilisogea upande wetu polepole mno, lakini hakikurudi hata kidogo. Kilipovuka mstari, nilianguka chali nikacheka nikitazama mawingu, na nilikuwa na furaha isiyo na adabu yoyote.

Wakati wa chakula Mama Roselida alinisogezea kichwa cha mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ile sehemu tamu anayopewa mgeni wa maana.

“Mwalimu, mmebadilisha nini?”

Nilimweleza habari za miosini, na yeye akasikiliza akitafuna taratibu.

“Inauzwa Macalder?”

“Unayo mwenyewe, Mama. Ndiyo iliyotuvuta miaka yote.”

“Haya,” alisema, “basi mwaka kesho tutakuja nayo.”

Jioni, njiani kurudi, hakuna aliyeweza kuinua chupa ya maji bila kutetemeka. Nilijifunza Kisegi kwamba nimefundisha somo la msuli miaka mingi kama somo la kuvuta, kumbe nusu yake ni kuachia kwa zamu, kila mmoja akimwamini mwenzake kuwa ameshika. Nitalifundisha upya.

Macalder, Mama alikuwa barazani. Nilimwambia tumeshinda. Alifunika uso kwa leso yake, na mabega yalikuwa yakicheka au yakilia, sikutaka kuuliza. Kisha akataka kujua ilivyokuwa, nikamweleza yote, aktini na miosini, vichwa na mikia, hadi vumbi la Magunga.

“Na hivyo vichwa,” aliuliza, “mtu akizeeka vinakwisha?”

“Vinapungua, Mama. Haviishi.”

Alinyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono, akavuta. Nilijitahidi kukaza miguu, lakini nilisogea hatua nzima.

“Mwambie Roselida,” alisema, “mwaka kesho mtu wa mwisho kwenye kamba yetu atavuta akiwa amekaa.”