Kidole Ukurasani

Chuoni kwetu Tabora maktaba ilikuwa na viti vingi na msomaji mmoja. Darasa lilikuwa limemkabidhi kiongozi wetu kazi ya kwenda huko. Aliingia, akapiga picha kurasa zinazotakiwa, akazirusha kwenye grupu la darasa. Sisi wengine tulisubiri kwenye vyumba vyetu vya kupanga mtaa wa Ng'ambo, tukilalamika kwamba mtandao uko chini.

Niliyepanga naye chumba alitoka Kaliua. Alikuwa na simu ya kitochi, na sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, kutoka muhula uliopita. Akifeli tena, anafukuzwa chuo. Kwa hiyo maktaba alikwenda mwenyewe. Nilimwonea huruma, nikamwambia anajitesa bure.

Kazi tuliyopewa ilihusu wapagazi wa misafara. Kiongozi wetu alipiga picha nzuri, ila kidole gumba chake kilikaa juu ya mstari mmoja. Kitabu kilisema Wanyamwezi walipatana ujira kabla ya kubeba mizigo, na kwamba waliofungwa minyororo ni mateka. Mateka walikuwa chini ya kidole. Basi darasa zima tukaandika kwamba Wanyamwezi walipatana ujira vizuri, wakafungwa minyororo shingoni, wakapelekwa sokoni kuuzwa. Wengi wetu ni Wanyamwezi. Hakuna aliyejiuliza babu zake walikubali vipi.

Mwalimu alimwita mwenzangu mbele yetu.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Wenzako wote wana jibu moja. Wewe la kwako umelitoa wapi?”

“Kitabuni.”

“Kwa nini hukutumia walichotumia wenzako?”

“Sina simu ya kuingia mtandaoni, mwalimu.”

Mwalimu aliagiza kitabu kiletwe, akasoma mwenyewe. Mwenzangu alipata maksi za juu kuliko wote, sisi tukapata karipio refu. Darasa liliguswa sana. Si maksi zilizotugusa, ni ile habari ya kukosa simu. Tukachanga, tukamnunulia simu mtaa wa Kanyenye, ya mtumba lakini nzima, tukamwingiza kwenye grupu. Alilia. Nikalia na mimi, nikajiona mtu mwema.

Maktaba hakwenda tena. Kazi ya mwisho ya muhula tuliifanya wote kwa picha za kiongozi, safi, bila kidole hata kimoja. Zilikuwa za sura nyingine kabisa, isiyohusiana na swali. Sisi tukapata sapu. Yeye, aliyekuwa nayo tayari, akafukuzwa.

Nilimsindikiza stesheni. Nilikuwa na hasira, nikatafuta wa kumkasirikia, nikaona ni sisi wote. Kabla ya kupanda treni alifuta picha zake, akanikabidhi ile simu.

“Chukua, ni ya darasa,” alisema. “Atakuja mwingine ambaye hana.”

Alikuja kweli, muhula uliofuata. Sikumpa.