Debe la Maji ya Mtoto

Juzi redio ilisema nchi ndogo, kama hao majirani zetu wa Burundi, inaweza kuishi bila kutupa kitu: chombo kikichoka kazi moja, kipewe nyingine. Sawa. Ila waulize kwanza kilibeba nini.

Wakati wa Ujamaa sisi Ujiji tuliishi hivyo, maana madukani hakukuwa na kitu. Debe lilianza na mafuta ya taa, tukalisugua kwa majivu na mchanga wa ziwani, likabeba maji. Likichakaa, fundi bati analikata koroboi. Kabla ya kutia maji tulinusa. Pua ikiridhika, basi.

Mama mkwe wangu alipata debe Kalinzi kwa wakulima wa kahawa, akawapa dagaa. Lilikuwa la dawa ya kunyunyizia mibuni. Alilisugua, akalianika, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Halikunuka.

"Hili la mjukuu wangu," akasema. "Nyie kunyweni ya ziwani, mmeshakomaa."

Mganga wa zahanati alikuwa ameagiza maji ya mtoto yachemshwe. Tukayachemsha, tukayaweka humo. Mwanangu ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Akaanza kutapika, mate yakamtoka, akatetemeka. Tukambadilishia uji. Maji tukamzidishia.

Tulipomfikisha zahanati, mganga akauliza, "Wengine nyumbani wazima?"

"Wazima," nikasema.

"Anakula nini yeye peke yake?"

Mama mkwe akajibu, "Peke yake anakunywa maji safi." Halafu akakaa chini sakafuni.

Mtoto alifariki siku hiyohiyo.

Baada ya mazishi mama mkwe alilitoboa debe kwa shoka, akalifukia nyuma ya nyumba. Jirani akamwambia, "Mama, usitupe bati zima kwa huzuni. Matundu yanazibwa."

"Limeua hilo."

"Limeuaje, na mlilisugua?"

Kesho yake tukakuta shimo limefukuliwa. Tulipita nyumba kwa nyumba hadi mtaa wa Buzebazeba, mama mkwe mbele, mimi nyuma, maziwa yamenijaa kifuani. Kwenye kila mlango alisema, "Tuonyesheni madebe yenu. Moja lina sumu." Walituonyesha mabovu, mazuri wakayaficha. Walidhani tumekuja kuwanyang'anya.

Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa amekalia la kwake, amelifunika kwa kanga. Hakuinuka.

"Poleni na msiba," akatuambia.