Mujaja wa Bibi

Juzi nilirudi Kishanda na kikohozi cha safari. Kwa adabu tu nikapita kumsalimia binti wa mwalimu wetu wa zamani, mtu mzima sasa, naye akaniletea kikombe cha maji ya kijani yenye asali. "Kunywa, dada. Ni dawa ya kifua ya marehemu baba. Aliivumbua mwenyewe." Harufu ilinifikia kabla ya kikombe. Mujaja! Ndugu msomaji, damu ilinichemka.

Enzi za Mwingereza, vichaka vya mujaja vilijaa nyuma ya jiko la bibi yangu, pale migomba ya kibanja, shamba letu la nyumbani, ilipoanzia. Masika yakiingia na watoto wakianza kubanwa vifua, mimi ndiye niliyechuma majani. Bibi aliyatwanga, akayakamua kwa kitambaa, akatia asali, kisha akaonja yeye kwanza mbele ya mgonjwa. Kwetu hupewi kinywaji ambacho mwenyeji hajakionja. "Asiyeonja, usipokee kwake," alikuwa akisema.

Siku moja mwalimu alikuja kumkataza kutoa dawa hiyo. Bibi akamkaribisha kwa kikapu kidogo cha akamwani, zile buni za kutafuna zinazotangulia mazungumzo yote. Mwalimu alikisukuma kikapu kwa kiatu. "Sili vya mchawi." Kesho yake alinivika matawi ya mujaja shingoni, akanizungusha shule nzima. Watoto walewale niliowachumia majani walinizomea. Nililia mpaka nyumbani, na tangu hapo nilimwombea mabaya kila jioni baada ya rozari.

Mabaya yakaja. Masika yaliyofuata kifua kilimkaba, sauti ikamkauka, dawa za zahanati hazikufua dafu, na mkaguzi Mzungu alikuwa njiani kuja kumsikiliza akifundisha. Mwalimu akamtuma mkewe kwa bibi. Bibi akajibu, "Aje mwenyewe. Aje mchana."

Akaja mchana, amevaa koti lake la ualimu. Bibi akamwekea kikapu kilekile. Mwalimu alitafuna buni moja moja, majirani wamejaa mlangoni kama waliokuja kushuhudia posa. Bibi akakamua, akaonja, akanipa kikombe nimpelekee. Nikakishikilia.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Dawa," alinong'ona.

"Sijasikia."

Bibi alinifinya sikio, lakini taratibu mno kwa mtu aliyekasirika.

Sauti ilimrudia kabla mkaguzi hajafika. Nikangoja aitumie kutusafisha mbele ya darasa. Nilingoja mpaka nikamaliza shule. Bibi alikufa watu wakimwita mchawi.

Sasa jiko lake halipo, kibanja kimegawanywa, mujaja wake umeng'olewa wote. Shina pekee nililoliona Kishanda limestawi nyuma ya jiko la mwalimu.

Basi nilikunywa dawa yote, kifua kikafunguka. Kisha nikamwomba yule binti alete akamwani, awaite wanawe na majirani. Walipokaa nilikohoa kidogo, nikaanza simulizi na kikapu kilichosukumwa kwa kiatu.