Ndevu Zangu za Wakati wa Vita

Vita ilipofika Songo, mtaa wetu wa Uvira, wanaume wengi walinyoa ndevu wasije wakadhaniwa waasi. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, ndipo nikaota zangu. Zilikuwa nyeusi kuliko za mume wangu, na jambo hilo lilimuuma zaidi ya alivyokubali.

Zililetwa na dawa. Uboho wangu, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ulikuwa umekaribia kukauka. Daktari wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, alinieleza kwamba askari wa mwili wangu wameugeukia na kuushambulia. "Vidonge hivi vitawanyang'anya silaha," alisema. Nikamjibu kwamba sisi wa Uvira habari ya kuwanyang'anya askari silaha tumeisikia mara nyingi. Hakucheka. Akaniambia askari hao wakilala kila kijidudu kitapita, kwa hiyo nijihadhari na chakula cha nje na mikono isiyonawa.

Mimi nikarudi nyumbani, nikafunga mlango kabisa, asiingie mgeni yeyote. Kwetu mgonjwa hafungi mlango. Ukikataa chakula cha mtu, umemtangaza kuwa anakutilia karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Jirani yangu, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alileta ugali na mchuzi. Nikamwambia kupitia dirishani aurudishe.

"Unawaza minye niko mulozi?" akauliza, yaani yeye ni mchawi.

Akaketi pale pale, akaonja, kama inavyompasa aletaye chakula. Akanitazama, akaona bado nimekunja uso, akaonja tena. Alimaliza ugali wote na kuramba bakuli. "Unaona? Siyakufa!" Nilikuwa na njaa ya kulia. Majuma matatu hakunisalimu.

Kisha mapigano yakafunga njia ya mpakani, nami nimebakiwa na vidonge vya siku nne. Niliogopa kufa, sina haja ya kuficha. Mume wangu hakuweza kuvuka, kwani wanaume walikuwa wakikamatwa njiani; wanawake wachuuzi tu ndio waliokuwa wakipenya. Muuza ndagala alipopata habari, alikuja akachukua karatasi ya daktari bila kunitazama, akajitwika beseni lake, akaenda. Siku ya tatu akarudi na boksi la dawa chini ya samaki.

Nilinyoosha mkono dirishani.

"Ngoja kwanza," akasema. Akafungua boksi, akatoa kidonge kimoja.

"Hapana!" nikapiga kelele.

Alikuwa ameshakimeza. Dawa ile inanuka kama beberu, na uso wake ukajikunja wote. "Usiogope, Mama mwalimu. Kama iko sumu, minye ndiye nitatangulia."

Ndipo akanitazama vizuri mwangani. Mkono ukapanda taratibu hadi kwenye kidevu chake. "Mungu wangu! Ni hii ndiyo inaotesha?"

Tulicheka mpaka mume wangu akatoka nje kuuliza nani amekufa. Nilipopata pumzi nikamwambia jirani yangu ukweli: sikuwahi kuuogopa moyo wake, niliogopa mikono yake.

"Sasa weye, si ungesema? Mikono si inanawa?"

Akaenda kwenye ndoo, akajisugua kwa sabuni hadi viwikoni. Daktari alikuwa amekataza uchafu. Watu niliwakataza mwenyewe, kwa woga. Nikafungua mlango. Aliponishika mkono nililia kama mtoto, naye akaushika hivyo hivyo, ukiwa bado umelowa, mpaka nikanyamaza.