Kuta Mbichi za Mtaa Wetu

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Haboba, ndivyo sisi Wanubi wa Kibra tunavyomwita bibi, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini nikiikumbuka siku ukuta wake ulipoanguka, mpaka leo mwili hunisisimka.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na paa la madebe yaliyokunjuliwa, katika safu ya nyumba za Lindi, mtaa wetu wa Kibra, zinazotazama njia ya kisimani. Babu aliijenga alipotoka Keya, jeshi la Waingereza, wakati Kibra bado ni msitu. Alipokufa, Haboba hakuachiwa kitu kingine duniani. Na serikali ya wakati ule ilikuwa na sheria ambayo hata sisi watoto tuliijua: nyumba ya zamani iachwe isimame, mpya ibomolewe na kiwanja kichukuliwe. Kupaka udongo iliruhusiwa, lakini ukiinua ukuta mpya, nyumba yote ilihesabiwa mpya. Kwa hiyo kila mtu alizeeka pamoja na kuta zake, akiziba ufa leo na kesho mwingine.

Masika yale yalikuwa mabaya. Asubuhi moja ukuta wa mbele ulilainika, ukalala wote njiani, na paa likainama upande mmoja. Mkaguzi wa serikali, mzungu, alikuwa tayari anazunguka mtaa jirani wa Makina na askari wake, na ilijulikana kwamba kesho yake ni zamu yetu. Haboba alilitazama lile tope, kisha akaingia ndani kuchochea moto. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mtaa ulikuwa na chama. Kwa macho yangu ya utoto kilikuwa chama cha kusumbua watu. Ukimwaga maji machafu njiani, unapewa ufagio usafishe mpaka kisimani. Kila Ijumaa baada ya swala, mitaro izibuliwe. Mwenyekiti alikuwa sajini mstaafu aliyepigana pamoja na babu, mzee wa firimbi shingoni, aliyetembea kana kwamba bendi bado inampigia. Nilimwona mzee wa kelele tu.

Siku hiyo alipuliza firimbi yake, nikashuhudia jambo. Watu hawakuuliza kuna nini. Nyumba iliyojulikana kwa nguzo ilitoa nguzo, ya fito ikaleta fito, wanawake wakaja na madebe ya maji, vijana wakaanza kukanyaga udongo. Kumbe yote yalikuwa yamepangwa zamani, kila mlango na kazi yake, na mimi nilikuwa nikiishi katikati ya mpango huo bila kuuona.

"Paa lisiguswe," sajini alisema. "Atakayeng'oa hata msumari mmoja atanitambua. Shemeji, toka nje."

"Moto wangu umeshawaka," Haboba alijibu. "Nyinyi inueni."

Wakainua. Wanaume waliweka mabega chini ya boriti, wengine wakaingiza nguzo zenye panda, na paa zima likapanda juu polepole, likitoa mlio, huku Haboba akiwa chini yake anageuza kisra, mkate wetu mwembamba, kwenye kikaango. Moshi uliendelea kutoka kama siku zote. Sikuwa nimewahi kuona nyumba ikishikwa na watu.

Kufikia alasiri ukuta ulikuwa umesimama, na hapo ndipo tulipoona kosa. Sajini, asiyevumilia kitu kilichopinda, alikuwa amevuta uzi toka pembe hadi pembe na kulainisha udongo kwa ubao. Kosa hilo lingefanywa na nani, ila askari wa zamani? Ukuta ulinyooka kama wa kambi, ukang'aa kwa umbichi katikati ya safu ya kuta zilizopasuka na kupinda.

Aliyesema alikuwa jirani yetu wa mkono wa kushoto. Yeye na Haboba walikuwa hawaamkiani tangu mbuzi wake alipokula ukindu ambao Haboba alikuwa akiusukia tabaga, zile sinia zetu za rangi za kufunikia chakula. Siku hiyo nzima alikuwa amebeba maji bila neno.

"Sajini, huu hata kipofu ataujua," alisema. "Nyumba ya mtu isionekane peke yake."

Akachukua debe lake la udongo, akaenda nyumbani kwake, akaanza kupaka ukuta wake mwenyewe. Jirani wa pili akamtazama, akaelewa. Kisha wa tatu. Mpaka adhana ya magharibi, safu nzima ilikuwa mbichi, mlango hadi mlango, ikiwa na alama za viganja vya wanawake. Sajini alikunja uzi wake akautia mfukoni.

Mkaguzi alikuja asubuhi, ukungu bado haujaondoka. Akagusa ukuta wa Haboba, kidole kikatoka na tope. Akagusa wa jirani, tope. Akaenda mbali kidogo akagusa mwingine.

"Kwa nini nyumba yote maji?" akamwuliza sajini.

"Mtaa unapaka kuta, bwana."

"Kwa nini leo?"

"Jana hatukumaliza."

Mkaguzi alirudi kwa Haboba, aliyekuwa ameketi mlangoni akisuka. "Hii nyumba mpya?"

"Ingia utazame juu," Haboba alisema.

Akainama akaingia. Juu, boriti na madebe yalikuwa meusi kwa masizi ya tangu babu atoke vitani, mazito kiasi kwamba yalining'inia kama nyuzi. Ndipo nilipofahamu kwa nini paa halikuguswa. Mzungu alitazama muda mrefu, akakohoa kwa moshi, akatoka na kwenda zake. Hakuna aliyeshangilia. Haboba alikata kipande cha kisra, akakipeleka nyumba ya kushoto, na nikasikia wakiamkiana.

Aliishi chini ya masizi yale hadi mimi nikawa mwanamke mzima, na alifia humo humo, kitandani kwake. Asubuhi ya mazishi nilitoka kuchota maji ya kumwoshea, nikamkuta jirani yule wa kushoto, mgongo umeshapinda, amezama hadi viwiko katika udongo mbele ya ukuta wake. Huko mbele wengine walikuwa wameshaanza. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na mvua wala mkaguzi. Nikamwuliza ni ya nini kazi hiyo siku ya msiba.

"Leo msiba umeingia mlango mmoja. Nyumba yake isionekane peke yake," akasema, bila kugeuka.

Nilipeleka maji ndani. Kisha nikarudi nje, nikakunja mikono ya gauni, nikaanza na ukuta wetu.