Naam ya Adabu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka kana kwamba ndiyo kwanza natoka ukumbini. Nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, nakaa kwa shangazi, mtaa wa Nguvumali, na nilijiona nimesoma mpaka nikawa siwezi tena kutembea kama watu. Mama alikuwa amekuja kutoka Ushongo kunitazama. Gari la matangazo likapita mtaani, likasema profesa wa chuo kikuu atatoa mhadhara wa wazi juu ya bahari yetu na kila mtu anakaribishwa. Mama akaniambia, "Wanakwenda kuizungumza bahari bila mimi? Hebu nipe zile kanga zangu mpya."

Kwanza umjue mama yangu. Alikuwa mchokoaji pweza. Maji yakipwa sana aliingia mwambani kwa miguu pamoja na wanawake wenzake, kijiti mkononi, akarudi na pweza wa kitoweo na wa kuuza. Pweza huyo ndiye aliyenivisha sare za shule. Nakwambia haya ili ujue siku hiyo mama alikuwa na nini cha kupoteza.

Ukumbi ulifurika. Walikuwamo walimu, wavuvi, masista, wazee wa kanzu na makoti, hata watu wa mashamba ya mkonge waliotoka Pongwe. Profesa mwenyewe alikuwa mwanamama wa Kishambaa, mfupi, mwenye miwani mikubwa. Mimi nilidhani profesa sharti awe mwanamume mwenye mvi, nikabaki nimekodoa macho. Hakuanza kwa maneno mengi. Alisema aliteremsha baharini chombo cha kunasa sauti, akatuomba tunyamaze, akabonyeza kitufe.

Ee Mola wangu! Ukumbi ulijaa mlio wa mafuta ya moto yanapotiwa maandazi. Ndani yake mna vishindo, mna mikoromo, mna kitu kinagonga tena na tena. "Huu ni mwamba mzima," akasema. "Mnaowasikia ni kamba na samaki, wako kazini." Mwanangu, nimezaliwa bahari ikiwa mlangoni mwetu, na siku zote nilidhani huko chini ni kimya. Nilitokwa na machozi bila kujua nalilia nini.

Kisha akatusikilizisha mwamba mwingine, uliopigwa baruti na wavuvi haramu. Tukangoja. Hakikuja kitu, isipokuwa mvumo wa maji matupu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya kile niliusikia kifuani. Mzee mmoja mbele yetu alivua kofia, akaishika mapajani.

Ndipo profesa akatueleza lililomleta. Serikali ilikuwa ikifikiria kuifunga miamba yote ya upande wetu, kuanzia kilindini mpaka ufukweni, mtu asitie mguu hadi ipone. Kando yake alikaa afisa mmoja aliyekuja kusikiliza maoni yetu ayapeleke kwa wakubwa. Profesa akauliza, "Ndugu zangu, mnaafiki?"

Ukumbi mzima ukaitika, "Naaam!" Mimi sauti yangu iliwapita wote, na makofi juu. Hata wanawake wawili wa Ushongo tuliokaa nao waliitika, ilhali mwamba wanaoukubali ufungwe ndio jiko lao. Usiwacheke. Sisi tulilelewa kwamba mgeni hapingwi mbele ya watu. Unaitika kwanza, ubishi mnaumalizia barazani akishaondoka. Afisa akatabasamu, akaanza kufunga mkoba wake.

Mama akasimama. Nikamvuta kanga. "Mama, kaa, tutaaibika. Yule ni profesa."

Alinitupia jicho ambalo mpaka leo linanichoma. "Sikukupeleka shule uje kunionea haya," akasema, wala hakushusha sauti.

Akaanza. Akatoa salamu kwa Waislamu, akawaamkia wakubwa, akawapa pole waliotoka mbali, akamshukuru mwenye ukumbi. Mwenyekiti wa mkutano akakosa subira. "Uliza swali, mama, muda umekwisha."

"Ndo nakuja, baba. Nyumba ya watu haiingiwi bila hodi." Watu wakacheka, naye akawangoja wamalize. Kisha akamgeukia profesa. "Mwanangu, umenisikilizisha kitu sijapata kukisikia tangu nizaliwe. Mungu akulipe. Ila nakuuliza. Kule ufukweni, kwenye maji ya magoti tunakochokoa pweza, nako ulisikiliza? Tukikoma kwenda, atazidi au atahama? Na jingine. Hii naam mliyopewa ni ya adabu, kwa kuwa wewe mgeni wetu. Mkiondoka nayo mtakuwa mmechukua heshima yetu, ridhaa yetu mmeiacha hapa."

Nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikangoja profesa ashushe maneno mazito mazito, mama akae kimya, yaishe. Yule mwanamama alivua miwani, akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye safu yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sijui," akasema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Huko kwenye maji ya magoti sikusikiliza. Na hiyo naam ya adabu nimeijua sasa hivi. Nusura niondoke nayo." Akamwambia afisa, "Bwana, tafadhali, tusiseme watu wameafiki. Kazi yangu haijafika mwisho."

Mwanangu, siku hiyo nilikuwa nimeisikia bahari ikisema, nikadhani maajabu yameishia hapo. Kumbe bado. Mtu aliyesoma akamaliza vitabu, mbele ya umati, kipaza sauti kikiwa chake, anasema sijui! Na hakupungua hata kidogo. Alikua mbele ya macho yangu. Nami niliyekuwa najiona msomi nikaona bado sijaanza kusoma.

Bamvua lililofuata, maji yalipopwa sana, alikuja Ushongo, sketi kaifunga magotini, na chombo chake. Alimvisha mama visikilizio masikioni. Mama akainama, mkono mdomoni. "Kumbe miaka yote hii natembea juu ya harusi ya watu!" akasema. Tangu hapo hakuukanyaga mwamba kwa pupa.

Miamba ya kilindini ilifungwa. Ya ufukweni ilipumzishwa kwa miezi waliyoichagua wanawake wenyewe, profesa akija kusikiliza nao. Ilipofunguliwa, mama alinijia Nguvumali na pweza mkubwa hata sufuria ya shangazi ikakataa kufunikwa. Akaniambia, "Mwandikie profesa wako. Mwambie nimesema naam. Hii ya leo ni ya moyoni."

Nyinyi wa leo mihadhara mnaifuata simuni. Leo akili mnemba, kesho mbegu mpya, keshokutwa sheria ya bahari. Mambo makubwa, na ni vyema yakushangaze. Asiyeshangaa huyo kaziba masikio. Lakini nawaona mnabonyeza kidole gumba na kupita. Kidole gumba hicho, mwanangu, ndicho naam ya adabu ya zama zenu, na wapo watakaokihesabu kuwa ridhaa. Mheshimu aliyesoma kwa kumuuliza. Piga hodi vizuri, kisha uingie. Kuuliza si ujinga, na elimu isiyoulizwa haijui ilipokosea. Na siku jukwaa litakapokuwa lako, ukaulizwa usilolijua, sema sijui, ushuke, ukasikilize.

Mungu akufungulie masikio kama alivyoyafungua yetu siku ile. Akukinge na makofi mengi. Na siku utakaposimama mbele ya watu ukajiona umemaliza, akuinulie mama mmoja wa kanga mpya, asiyekuogopa, mwenye salamu ndefu. Nawe umngoje amalize hodi yake, umwambie karibu.